Mwongozo kamili: kutoka chuo kwenda pwani ukiwa unasoma Unguja, ukaoge kweli na urudi kabla ya giza

Juzi tena wadogo zangu wanne wa mwaka wa kwanza wamerudi hosteli saa tatu usiku, wamechoka, nauli imekwisha, miguu imechubuka na matumbawe, na bahari hawajaoga. Walienda Paje, pwani ya mashariki. Wamefika saa tano asubuhi wakakuta mchanga mtupu mpaka kule mbali kwenye mstari mweupe wa mawimbi, wakakaa chini ya mnazi wakisubiri maji yarudi, saa nane na nusu wakaingiwa na wasiwasi wa gari wakaondoka, wakigeuka nyuma wanaona maji ndo yanaingia. Alafu kituoni gari zinapita zimejaa, moja baada ya nyingine.

Mimi nimetokea Mbeya, na mwaka wangu wa kwanza hapa yalinikuta hayohayo mara tatu. Kosa linajirudia kila mwaka kwa kila kundi jipya: watu wanaanza kupanga na marafiki, wanafuata gari, maji wanakutana nayo mwisho kabisa wakishafika. Geuza mpangilio. Maji kwanza, gari pili, marafiki ndo wafuate hizo saa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya Ijumaa usiku

- Tarehe ya mwezi mwandamo (hatua ya 1).
- Nauli mara tatu: ya kwenda, ya kurudi, na moja ya dharura unayoiweka mbali na zingine, kwa mfano ndani ya kava la simu.
- Pesa taslimu za noti ndogo ndogo. Konda asubuhi hana chenji, na muuza madafu kijijini naye hivyohivyo.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila kichwa, isipungue.
- Chakula kikavu: boflo (mkate), mihogo ya kukaanga, mayai ya kuchemsha, ndizi. Pwani ya watalii bei ya chakula sio ya bumu letu, yani pesa ya mkopo wa chuo.
- Kanga mbili au kikoi na kanga. Moja ya kujifunga ukitoka majini, moja ya kukalia, na hiyo ya kukalia ndo utajifunika mabegani jua likizidi.
- Viatu vya kuingia navyo majini. Raba za zamani zinafaa kabisa, ndala hazifai, maji yanazivua.
- Kopo la chakula la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Humo ndo simu inakaa, imeviringishwa kwenye kitambaa. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku hapa muda mrefu, usiihangaikie.
- Kitambulisho cha chuo, na cha taifa kama unacho.
- Simu yenye chaji na dakika za kupiga, maana bando peke yake halitoshi, kuna sehemu mtandao unakwenda na kurudi.

## Hatua ya 1: Jua leo mwezi ngapi

Sio mwezi wa kalenda ya ukutani. Nauliza mwezi mwandamo, ule wa Ramadhani na Mfunguo Mosi. Kwa aliyelelewa hapa hili sio swali gumu, muulize mama anayeuza maandazi nje ya geti au mwenzio wa hosteli anayefunga Jumatatu na Alhamisi, atakujibu palepale. Wewe uliyetoka bara andika tu kwenye simu siku mwezi ulipoandama, uwe unahesabu kuanzia hapo.

Sababu ni kwamba maji yanafuata mwezi. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Mwezi ukiwa nusu, yani karibu na siku ya 8 na ya 22, yanakuwa maji mafu, hayajai sana na hayatoki sana. Hapa Unguja siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita 4, hiyo ni zaidi ya ghorofa moja ya nyumba. Siku za maji mafu inashuka mpaka kama mita moja hivi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, mfano, "Jumamosi itakuwa mwezi 11" bila kufungua chochote.

## Hatua ya 2: Geuza tarehe ya mwezi iwe saa ya maji

Hapa usiharakishe, hatua hii ndo iliyokosekana kwa wale wanne.

Maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na robo. Na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo ukijua siku moja tu, zingine unazihesabu kwa vidole.

Siku ya kushika kichwani ni mwezi mosi: maji yanajaa kama saa kumi na moja jioni, na yanakuwa yametoka kabisa karibu na saa tano asubuhi. Mwezi 15 na 16 mambo ni karibu hayohayo. Sasa endelea kuongeza dakika 50 kila siku, utapata hivi kwa wastani:

- Mwezi 1 mpaka 4, na 15 mpaka 18: asubuhi ya saa tano mpaka saa saba mchana maji yako mbali kabisa. Kuoga pwani ya mashariki sahau kwa muda huo, ila kutembea kwenda mwambani ndo siku zake.
- Mwezi 8, na 22 au 23: maji yamejaa karibu saa nne na nusu asubuhi.
- Mwezi 9 mpaka 13, na 24 mpaka 28: yanajaa kati ya saa tano asubuhi na saa nane na nusu mchana. Hizi ndo siku zetu. Unafika yanapanda, unaoga yamejaa, unaondoka yanaanza kushuka.

Wale wanne walienda mwezi 16. Saa tano na nusu maji yalikuwa chini kabisa, na kujaa kwake ilikuwa mpaka karibu saa kumi na mbili jioni. Hata wangekuwa na gari yao wenyewe wangeoga jioni tu.

Makadirio haya yanaweza kukosea kama saa moja hivi, kwa sababu zile dakika 50 hazigawanyiki sawa kila siku na kuandama kwa mwezi kunaweza kupishana siku moja. Kwa hiyo ukishakadiria, hakikisha kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Zanzibar, yapo mtandaoni bure. Ila angalia vitu viwili ambavyo nimeona watu wakikosea hata wakiwa na jedwali mkononi. Kwanza, jedwali likiandika 16:20 hiyo ni saa kumi na dakika ishirini jioni, kuna mwenzetu aliisoma kama saa nne na ishirini akaamsha watu alfajiri. Pili, majedwali mengine yanatumia saa za Greenwich, hapo unaongeza saa tatu ndo upate saa yetu.

Njia nzuri kuliko zote, na ndo ninayotumia mpaka leo, ni mtu wa shamba, yani wa vijijini. Kila darasa lina mtu wa Jambiani au Makunduchi au Matemwe. Muombe apige simu nyumbani aulize maji Jumamosi yanajaa saa ngapi. Mama wa mwenzangu wa darasani analima mwani, anajibu bila kufikiri, na mara nyingi anaongeza upepo uko vipi, kitu ambacho jedwali halina.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja imeandikwa: "Jumamosi mwezi 11, maji yanajaa saa saba mchana, kuoga ni saa tano mpaka saa tisa." Hesabu saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baada yake, hilo ndo dirisha lako la kuoga.

## Hatua ya 3: Chagua pwani inayokubaliana na hayo maji

Pwani ya mashariki, yani Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, Kiwengwa, ina mwamba kule nje na ndani yake maji ni ya kina kifupi. Maji yakijaa ni pazuri mno hasa kwa wasiojua kuogelea vizuri, kwa sababu mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani. Yakitoka unabaki na mchanga na madimbwi.

Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayakimbii mbali namna hiyo, unaoga karibu saa yoyote. Kwa hiyo kama Jumamosi yenu pekee ya bure imeangukia mwezi 2 au mwezi 16, msilazimishe Paje, nendeni kaskazini. Kina chake lakini kinashuka haraka, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki pa kusimama.

Angalia na upepo. Wakati wa kusi, kuanzia kama Juni mpaka Septemba, pwani ya mashariki inapigwa na upepo. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto ni kali na mashariki panatulia kidogo kuliko kusi. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, usipange safari ya siku nzima kwa wiki mbili mbele, panga kwa siku mbili.

Na kama huna siku nzima, pwani ya mbali iache. Kuna vitu vya nusu siku. Daladala 502 inakufikisha Bububu, unaoga, unarudi kabla ya Magharibi. Jioni ya saa kumi na moja Forodhani kaa ukutani uangalie vijana wanavyojirusha majini maji yakiwa juu, alafu ukale urojo mtaani. Na Jozani, ambayo haihitaji maji kabisa: msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kuna kima punju wanaopatikana visiwa vya Zanzibar tu na si kwingine duniani, na daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko kule Pete. Bei ya mwananchi ni tofauti na ya mgeni kwa hiyo kitambulisho usikisahau. Kima usiwalishe na usiwasogelee, kaa kama mita tatu. Mimi wiki ya kabla ya mitihani huwa naenda Jozani peke yangu asubuhi, nakaa kwenye lile daraja la mbao nasikiliza kaa wanavyotikisa matope chini, narudi saa saba kichwa kimetulia.

## Hatua ya 4: Hesabu gari kwa kurudi nyuma

Usianze na swali "tunaondoka saa ngapi". Anza na "tunatakiwa tuwe tumekaa kwenye gari ya kurudi saa ngapi".

Elewa kwanza hizi gari za shamba zinavyofanya kazi. Nyingi zinalala vijijini. Asubuhi na mapema zinaleta watu mjini, sokoni na makazini, jioni zinawarudisha. Maana yake jioni gari nyingi zinaelekea shamba, na wewe unataka kwenda upande wa pili. Ndo sababu kuanzia saa kumi jioni unaona gari zinapungua na chache zinazokuja zimejaa. Hakuna ratiba ya maandishi ya kumuonyesha konda.

Sheria yangu: saa tisa alasiri muwe mmesimama kituoni. Sio mnakung'uta mchanga, mmesimama.

Sasa rudi nyuma na mfano wetu wa mwezi 11. Kituoni saa tisa, kutoka majini saa nane na nusu. Maji yanajaa saa saba, kwa hiyo kuingia majini saa tano. Kufika Paje saa nne na nusu. Kutoka mjini mpaka Paje kwa daladala weka saa moja na nusu mpaka mbili, maana inasimama kila mahali na kupakia mpaka magunia juu. Kwa hiyo saa mbili na nusu asubuhi muwe mmekaa kwenye siti.

Namba za kujua: 309 Jambiani, 324 Bwejuu, hizo zote mbili zinapita Paje. 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi, 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 206 Chwaka. Stendi za kupakilia zimekuwa zikihamishwa kwa hiyo uliza Ijumaa gari ya namba yako inapakia wapi, usiulize Jumamosi asubuhi na begi mgongoni.

Mnaosoma Tunguu mnadhani mna faida kwa sababu gari za kusini zinapita mlangoni kwenu. Faida ipo lakini gari inafika hapo imeshajaa. Mkiwa wawili mtapata, mkiwa sita hamtapata. Kundi kubwa bora lirudi Mwanakwerekwe au mjini kabisa, mkae mwanzo wa gari. Utapoteza nusu saa lakini utapata siti.

Ijumaa mchana isiingie kwenye hesabu, wakati wa sala gari zinasimama. Na mwezi wa Julai siku ya Mwaka Kogwa, 310 ya Makunduchi inajaa kupita kawaida, kama unaenda huko siku hiyo ondoka alfajiri.

Umefaulu ukiwa na saa nne zimeandikwa kwenye karatasi moja: kukaa garini, kuingia majini, kutoka majini, kusimama kituoni.

## Hatua ya 5: Watu na pesa

Wanne ndo idadi nzuri. Mnaenea gari moja, mkikwama mnaweza kuchangia teksi bila kuumia, na wawili wakiingia majini wawili wanabaki na mabegi. Zaidi ya sita mnakuwa harusi.

Kusanyeni pesa yote Ijumaa, aishike mmoja. Nimeona urafiki wa miaka miwili ukiingia doa kituoni Paje kwa sababu mmoja alinunua chipsi na nauli ya kurudi hana. Nauli usiniulize mimi maana inapanda na bei ya mafuta, muulize abiria mwenzio aliyekaa pembeni kabla konda hajafika kwako, taratibu tu, "dada, nauli ya Paje sa hivi ngapi?" Umuandalie kamili.

Na asaimenti ya Jumatatu iishe Ijumaa. Jumapili mwili utauma na utalala mpaka adhuhuri, usijidanganye kwamba utaandika usiku.

## Hatua ya 6: Njiani na kijijini

Ukipanda mwambie konda unaposhuka mapema, na ukikaribia sema "shusha hapo mbele". Mzee au mama mwenye mtoto akipanda mpishe, begi weka magotini.

Ukishuka unapita kijijini kabla ya kufika baharini. Hapo ni kwa watu, wanaishi, usipite umevua shati au na nguo ya kuogea. Kanga ile ya kwanza ndo kazi yake. Salimia, wakubwa shikamoo, na assalaam alaykum inafungua kila mlango. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana hata kama hufungi.

Muulize mtu wa kwanza unayemsalimia: "Maji leo yanajaa saa ngapi?" Ni kuhakikisha hesabu yako na pia ni maongezi. Mara nyingi ukiuliza hivyo ndo unaonyeshwa mahali penye mchanga laini pasipo mawe, na mti wa kivuli.

## Hatua ya 7: Majini

Viatu miguuni kabla ya kugusa maji. Chini kuna vile vidudu vyeusi vya miiba mirefu, na mwiba wake ukiingia unakatikia ndani. Burura miguu taratibu badala ya kukanyaga kwa nguvu, samaki aitwaye taa aliyejifukia mchangani anasikia anaondoka mwenyewe.

Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu yanapungua. Miiba inayoonekana toa kwa kibano. Lakini maumivu yakiwa makali kupita kiasi na mguu unavimba haraka inaweza kuwa yule samaki anayefanana na jiwe, hapo ni hospitali bila kusubiri, huku mguu uko kwenye maji ya moto.

Konyeza, wale viumbe laini kama jeli wanaoelea, wakiwa wengi toka. Wanaacha michirizi inayowasha mwili mzima.

Jua kali ni la saa tano mpaka saa tisa, yani muda wenu wote. Kaeni majini dakika 40, tokeni kivulini dakika 20, kunywa maji, rudini. Fulana ya mikono mirefu ndani ya maji inasaidia kuliko mafuta yoyote, na mabega ndo yanaungua kwanza. Weusi wetu hautukingi na kuungua, mwaka wa pili nililala kifudifudi siku tatu.

Asiyejua kuogelea asizidi kiunoni. Na hata anayejua asiende kwenye mlango wa mwamba, pale ambapo mstari wa mawimbi umekatika na maji yanaonekana yametulia. Panavutia kwa sababu hapana mawimbi, lakini ndo njia ambayo maji yote ya ndani yanatokea wakati wa kupwa, yanakubeba nje.

## Hatua ya 8: Kama umeenda siku ya maji kutoka

Hii ni safari nyingine kabisa na mimi siku hizi naipenda kuliko kuoga. Mwezi 2, 3, 16, 17, unafika saa nne asubuhi maji yanaondoka, unayafuata nyuma kwa miguu. Unaona kiti cha pweza (nyota wa baharini) wamelala kwenye madimbwi, wekundu wenye vinundu, na kaa wadogo wanaokimbilia mashimoni. Kina mama wa mwani wako kazini, maana hizi ndo siku zao, wamekaa kwenye maji ya kifundo cha mguu wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, na kamba zimenyooka toka kigingi mpaka kigingi kama matuta ya shamba. Usikanyage kamba, zunguka. Picha omba kwanza, na ukikataliwa sawa.

Onyo kubwa la mwongozo huu wote liko hapa. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa kupanda kwake kwa mafungu 12: saa ya kwanza yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua ya mita 4, saa ya tatu peke yake ni mita nzima, hicho ni kiuno cha mtu ndani ya saa moja. Na yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe, wewe umesimama kwenye kichuguu cha mchanga kikavu unadhani una muda.

Kwa hiyo weka kengele ya simu kwenye saa ile ya maji kuwa chini kabisa. Ikilia geuka, hata kama mwamba unauona hatua mia mbele. Waangalie kina mama: wakianza kubeba viroba vyao na kurudi, na wewe rudi.

Umefaulu ukifika ufukweni viatu vimelowa lakini suruali kavu kuanzia magotini kwenda juu.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Saa nane na nusu tokeni majini, hapo maji bado mazuri na kila mtu atasema "dakika tano". Mshika pesa ndo asimame wa kwanza, kundi linafuata nauli.

Jisuuzeni kwa chupa moja ya maji baridi mliyoibakiza, miguu na uso tu. Uchafu wenu wote urudi na nyie. Vaeni, piteni kijijini mmejisitiri, na yule mzee aliyewaonyesha kivuli muageni.

Kituoni simameni upande wa kwenda mjini, mbali kidogo na wengine ila muonekane. Gari ikija na nafasi mbili, wawili wapande. Msing'ang'anie kupanda wanne pamoja, mtakutana hosteli.

## Ukikosa gari

Ikifika saa kumi na nusu hamjapata, msiendelee kusubiri hapohapo. Pandeni chochote kinachokwenda Kitogani, hata kama kinaishia hapo, kwa sababu pale njia ya Paje na njia ya Makunduchi na Kizimkazi zinakutana, mnakuwa na namba nne za kutegemea badala ya mbili. Anayetoka Jozani yuko vizuri tayari, gari zote hizo zinapita mbele yake.

Ikifika saa kumi na mbili kasorobo bado, toeni ile nauli ya tatu, changieni teksi, mkikubaliana bei kabla ya kufungua mlango. Bodaboda usiku kwenye barabara ile isiyo na taa, na msitu pande zote, msipande.

Na mpigie simu yule mwenzio wa darasani wa kijijini aliyekuulizia maji kwa mama yake. Mara ya tatu nilipokwama ndo nilifanya hivyo, tukapelekwa nyumbani kwao Jambiani, tukala wali wa nazi na pweza, tukalala ukumbini kwenye mkeka, na saa kumi na moja alfajiri mama akatuamsha tuwahi 309 ya kwanza.